Maswali ya Wasomaji: Samaki Aliyetembea na Meno Yake ya Utotoni

Katika toleo lililopita tulichapisha mchoro mdogo wa samaki wa kale mwenye gurudumu la meno katikati ya taya la chini, tukauwekea maelezo ya mistari minne, tukadhani tumemaliza. Barua na ujumbe uliofika tangu hapo umetuonyesha kwamba mistari minne haikutosha, na kwamba baadhi ya wasomaji wetu hawakuamini hata kidogo kuwa samaki wa namna hiyo aliwahi kuwapo. Jina lake la kisayansi ni Helicoprion, lililoundwa kutokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya msokoto na msumeno, nasi hapa tutaliandika kwa matamshi yetu, yaani helikoprioni. Aliishi baharini katika kipindi cha Permiani, takriban miaka milioni 290 hadi milioni 270 iliyopita, zamani sana kabla ya dinosaria wa kwanza. Tumechagua barua sita, na ukurasa mzima wa leo ni wa samaki huyu peke yake.

*

Ndugu Mhariri, baada ya kusoma toleo lenu nilimtafuta samaki huyo kwenye simu. Picha ya kwanza ilimwonyesha akiwa na pua iliyojikunja kwenda juu kama mkonga wa tembo, ya pili ilimpachika meno hayo mgongoni, na ya tatu ilifanana na ya kwenu. Ni nani anayesema kweli, au kila mtu anachora anavyopenda?
— Msomaji, Sinza

Ndugu msomaji, picha zote tatu zina asili ya heshima, na hakuna hata moja iliyochorwa kwa mzaha. Tofauti yake ni miaka. Kinachopatikana ndani ya mawe, karibu kila mara, ni msokoto wa meno peke yake: hakuna fuvu, hakuna mapezi, hakuna uti wa mgongo. Chukua ukili mrefu wa kusukia mkeka, uuviringishe kuanzia ncha moja hadi uwe kama sahani, kisha uwaze kwamba kila pindo la ukingo wa nje ni jino la pembetatu lenye ncha kali. Meno ya katikati ni madogo kama punje, na kadiri unavyofuata mzunguko kuelekea nje ndivyo yanavyozidi kuwa makubwa. Misokoto mingi ina upana wa sahani ya kulia wali, na ipo inayozidi sentimita 40, ambayo ni kipimo cha sinia. Sasa mtu akikuletea kitu hicho bila kukuonyesha mnyama, utakiweka wapi?

Kipande cha kwanza kuandikwa kitaalamu kilitoka Australia Magharibi. Mwaka 1886 Henry Woodward, aliyekuwa Uingereza, alikieleza akidhani kwamba huenda ni mwiba wa pezi, na hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa alikuwa na kipande kifupi tu cha upinde na wala si duara kamili. Mwaka 1899 mwanajiolojia wa Urusi, Alexander Karpinsky, alipata misokoto iliyo kamili zaidi kutoka Krasnoufimsk, katika milima ya Ural, na ndiye aliyelitunga jina tunalolitumia. Karpinsky hakuwa mbabaishaji, kwani ndiye aliyekuja kuchaguliwa kuwa rais wa Chuo cha Sayansi cha Urusi mwaka 1917. Alitambua vizuri kwamba alichonacho ni meno ya samaki wa jamii ya papa, lakini alipochora mnyama mwenyewe aliyaweka kwenye taya la juu, yakatokeza mbele ya pua na kujikunja kwenda juu. Huo ndio mkonga uliouona. Wengine walimpinga mara moja, wakauliza ni kwa namna gani samaki angekula huku amebeba kitu hicho usoni, na mjadala ukauhamisha msokoto huo hadi mgongoni na hata mkiani, mahali ambapo ungeweza kuwa silaha ya kujilinda. Picha yako ya pili inatoka huko.

Ufumbuzi ulianzia mgodini. Katika jimbo la Idaho, Marekani, kuna miamba yenye fosfeti nyingi ambayo huchimbwa kwa ajili ya kutengenezea mbolea, kama fosfeti yetu ya Minjingu kule Manyara, na miamba hiyo ni mashapo ya sakafu ya bahari ya Permiani. Mwaka 1950 ulipatikana humo, karibu na mji wa Montpelier, msokoto wenye upana wa sentimita 23 na meno 117, ambao wataalamu huuita Idaho 4. Hauvunji rekodi ya ukubwa, lakini kando yake kulikuwa na kitu ambacho karibu misokoto mingine yote haina, nacho ni gegedu la taya, yaani ile sehemu laini kuliko mfupa, lililobanwa ndani ya jiwe. Mtaalamu wa visukuku kutoka Denmark, Svend Erik Bendix-Almgreen, aliuchunguza na kuchapisha matokeo yake mwaka 1966, akasema kwamba msokoto ulikuwa kwenye taya la chini, katikati kabisa, pale ambapo nusu mbili za taya hukutana.

Ungetarajia mambo yaishie hapo, lakini hayakuishia. Kwa miaka mingine zaidi ya 40 wachoraji waliendelea kuuning'iniza msokoto huo kidevuni, mbele ya kinywa, kama ulimi wa mbwa aliyechoka na jua. Ni mwaka 2013 ndipo Leif Tapanila wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Idaho na wenzake walipochapisha picha za Idaho 4 zilizopigwa kwa mashine ya CT, ya jamii ile ile ambayo mgonjwa huingizwa ndani yake ili kupigwa picha za kichwa. Jiwe halikuvunjwa. Ndani yake zilionekana pande mbili za taya la juu, taya la chini, na gegedu lililoushikilia msokoto pembeni usiyumbe. Walipoyapanga vipande hivyo kwenye kompyuta, kila kimoja mahali pake, waliona kwamba msokoto haukuwa kidevuni kamwe. Ulijaza urefu wote wa taya la chini, kuanzia mbele hadi karibu na maungio, pale ambapo wewe na mimi tuna ulimi. Picha yetu ilifuata uchunguzi huo. Ukikutana na yenye mkonga, iheshimu kama kumbukumbu ya mwaka 1899.

*

Mhariri, mimi nauza samaki Feri mwaka wa kumi na mbili sasa. Papa hana mfupa, kisu kinapita tu. Mnyama asiye na mfupa akifia baharini analiwa na kuoza hadi kuisha. Hayo mawe yenu yametoka wapi?
— Mama muuza samaki, Kivukoni

Mama, umesema kweli tupu, na hoja yako ndiyo chanzo cha matatizo yote niliyomweleza msomaji wa Sinza. Kiunzi cha papa ni gegedu, kitu cha aina moja na kilicho ndani ya sikio lako, na gegedu huoza upesi. Ndiyo maana jamii nzima ya samaki hawa inajulikana zaidi kwa meno, kwa kuwa jino la papa ni gumu, limejengwa kwa madini yenye fosfeti, na kwa nje limefunikwa na tabaka linalong'aa. Likizama kwenye tope la chini ya bahari linaweza kukaa humo hadi tope lenyewe ligeuke mwamba.

Kabla ya kukujibu nilishuka Feri alfajiri moja, na mwenzako mmoja, ambaye hakutaka pesa wala kutajwa, alinifungulia kinywa cha papa mdogo aliyekuwa juu ya meza ya saruji. Meno ya mbele yalisimama kama kawaida. Nilipopitisha kidole nyuma yake, juu ya ufizi, nilihisi safu ya pili ikiwa imelala, imefunikwa na ngozi laini na yenye utelezi, na nyuma ya hiyo kuna nyingine ndogo zaidi. Mwenzako aliibinya ngozi hiyo kwa ncha ya kisu na meno yakajitokeza, meupe na safi, hayajawahi kumuuma mtu yeyote. Papa wa leo huishi kwa mpango huo: jino la mbele likichakaa hudondoka, la nyuma husogea na kusimama mahali pake, na kwa maisha yake yote anaweza kumwaga maelfu ya meno chini ya bahari.

Helikoprioni hakumwaga jino hata moja, na hili ndilo jambo ambalo binafsi linanishangaza kuliko umbo lake. Meno yake yote yaliota juu ya shina moja lililoendelea kurefuka. Jino jipya, kubwa kuliko yote, lilichipua nyuma, karibu na koo. Lililotangulia lilisukumwa mbele, likapanda juu, likateremka upande wa mbele na hatimaye likazikwa ndani ya gegedu la taya, likizungukia katikati. Kwa hiyo zile punje ndogo zilizo katikati ya msokoto ni meno ambayo mnyama huyo alianza nayo maisha. Alikuwa mtu mzima wa mita kadhaa, huku amebeba ndani ya taya lake meno ya utotoni kwa mpangilio ule ule yalivyoota. Anayeusoma msokoto kutoka katikati kwenda nje anausoma umri wa samaki mmoja.

*

Ndugu Mhariri, mimi ni fundi seremala. Nimeiangalia picha yenu kwa jicho la kazi. Msumeno wa duara hukata kwa sababu unazunguka kwa nguvu ya umeme, na mbao imelala juu ya meza, haiendi popote. Huyo samaki hana mota, na mmeandika kwamba taya lake la juu halina meno. Alikuwa anakata nini, na alikuwa anakikatia juu ya nini?
— Fundi, Keko

Fundi, kati ya barua zote hii ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu swali lako wataalamu nao walijiuliza, na walihitaji hesabu za nguvu za taya ili walijibu.

Tuanze na kuliondoa wazo la mota. Msokoto haukuzunguka. Ulisogea, naam, lakini kwa mwendo wa kuota, kama ukucha unavyosogea, jino kwa jino katika muda mrefu. Kwa hiyo samaki alipokuwa akila msokoto ulikuwa umetulia ndani ya taya kama bamba la msumeno lililokazwa, na meno machache tu ya mzunguko wa nje ndiyo yaliyokuwa wazi kufanya kazi, huku mengine yakiwa yamefukiwa. Kilichotembea ni taya lenyewe. Ukumbuke kwamba taya la chini hufunguka na kufungwa likiwa limeshikiliwa nyuma na bawaba, mfano wa mlango wa kabati uliouweka chini ukatazama juu. Taya linapofungwa, kila jino lililo juu ya upinde ule halipandi wima kama nyundo. Linachora tao, likipanda na wakati huo huo likielekea nyuma. Meno yenyewe yalikuwa ya pembetatu, yenye kingo zenye vijimeno vidogo. Jino lenye ukingo wa namna hiyo likipita ndani ya nyama kwa kuelekea nyuma, linafanya kile ambacho mkono wako hufanya unapouvuta msumeno wa kawaida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 na baadhi ya watu wale wale waliopiga picha za CT ulieleza kwamba meno ya mbele yalinasa windo na kulivuta ndani, ya katikati yalilichoma na kulichana, na ya nyuma yalilimalizia kwa kulisukuma kuelekea kooni. Bamba moja lilifanya kazi tatu kwa mfungo mmoja wa kinywa.

Sasa lile la pili: alikata juu ya nini? Hapa mfano wa mbao unatupoteza, kwa kuwa mbao ni ngumu. Muulize nyumbani anayekata ngisi. Hakishindilii kisu kama shoka, bali anakivuta, na ngisi anakatika juu ya kiganja tu, hahitaji meza. Helikoprioni anaaminiwa kuwa alikula viumbe laini wa jamii hiyo, wale wa ukoo wa ngisi na pweza, ambao bahari za Permiani zilijaa, pamoja na samaki. Ushahidi wa jambo hili uko kwenye meno yenyewe, kwani katika misokoto iliyopatikana ni nadra kuona jino lililovunjika au kusagika vibaya. Mtu aliyekuwa akipasua magamba magumu kila siku angeacha alama, kama vile bamba lako linavyoacha alama likigonga msumari uliojificha ndani ya ubao. Taya la juu, ambalo halikuwa na meno ya kukabiliana na yale ya chini, lilitosha kuwa kizuizi cha kulibana windo lisikimbie.

Umeuliza pia, mwishoni mwa barua yako, kama alikuwa anaunoa msumeno wake. Hakuhitaji tupa, fundi. Kila baada ya muda aliota jino jipya nyuma, kali kabisa, na lililochoka likaenda kuzikwa.

*

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu alitufundisha kuhusu silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka kumbe yupo hadi Tanga. Je, helikoprioni naye hawezi kuwa amejificha huko chini? Na alikuwa mkubwa kiasi gani?
— Mwanafunzi, Mbagala

Marahaba, kijana wetu. Ukubwa kwanza: kwa kuwa mwili haupo, wataalamu hukadiria kwa kulinganisha taya lake na la ndugu zake ambao miili yao imehifadhiwa vizuri zaidi, na makadirio mengi huangukia kati ya mita 5 na mita 8 kwa wale wakubwa. Daladala aina ya Coaster ina mita kama 7. Papa potwe anayeonekana Mafia anaweza kumzidi, lakini papa potwe huchuja vijidudu vya baharini na hana haja ya msumeno.

Kuhusu kujificha, swali lako ni zuri kwa sababu silikanti ametufundisha sote adabu. Alijulikana kwa visukuku pekee, na wataalamu walimhesabu kuwa ametoweka pamoja na dinosaria, hadi mmoja aliponaswa akiwa hai pwani ya Afrika Kusini mwezi Desemba mwaka 1938. Kwetu alianza kuonekana mwaka 2003, na baada ya hapo wavuvi wa Tanga wakawa wanamnasa kwenye jarife zilizotegwa maji marefu, hadi ikatengwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake mwaka 2009. Hata hivyo hali za samaki hawa wawili hazifanani. Silikanti huishi kwenye mapango ya miamba, mahali ambapo mifupa haihifadhiki kirahisi, kwa hiyo ukimya wake ndani ya mawe ungeweza kuelezeka. Helikoprioni yeye aliacha gurudumu zito la meno magumu, na aliliacha karibu kila pembe ya dunia ya wakati ule: Urusi, Kazakhstan, Marekani, Kanada, Mexico, China, Japani, Australia, na hata visiwa vya kaskazini ya mbali vya Norwei. Misokoto hiyo inapatikana kwenye miamba ya kipindi hicho cha takriban miaka milioni 20, kisha haionekani tena. Samaki aliyeacha alama nyingi hivyo, halafu asiache jino hata moja kwa miaka milioni 270 iliyofuata, si aliyejificha.

Nikiongeza jambo moja ambalo limeandikwa vibaya mahali pengi: si kweli kwamba aliangamizwa na ule mkasa mkubwa wa mwisho wa Permiani, uliofuta sehemu kubwa ya viumbe wa baharini. Mkasa huo ulitokea miaka milioni 252 hivi iliyopita, na helikoprioni alikuwa ameshaondoka zamani. Walioufikia, na baadhi yao kuuvuka, ni ndugu zake wa karibu wasio na msokoto wa kutisha kama wake.

*

Mhariri, ninafundisha biolojia. Magazeti yote, likiwamo lenu, yanamwita papa. Je, ni sahihi?
— Mwalimu, Kigamboni

Mwalimu, kwa lugha ya sokoni ni sahihi, kwa lugha ya darasani si sahihi sana, na kosa ni letu. Samaki wa gegedu wana matawi mawili makubwa yaliyo hai. La kwanza ni la papa na taa. La pili ni la kimera, samaki wa maji marefu wenye vichwa vikubwa na mikia myembamba, ambao wamebaki spishi zaidi ya 40 na ni wachache mno waliowahi kuonekana na mvuvi wa kawaida. Gegedu la Idaho 4 linaonyesha kwamba helikoprioni alikuwa wa tawi hili la pili. Wanafunzi wako watauliza kwa nini basi hafanani na kimera, ambaye taya lake la juu limeungana kabisa na fuvu. Waeleze kwamba helikoprioni alikuwa wa chipukizi la kale la tawi hilo: taya lake la juu halikuwa limeungana na fuvu, bali liliegemezwa kwake katika sehemu mbili. Tutaendelea kumwita papa kwenye vichwa vya habari, kwa kuwa hakuna mtu atakayegeuza ukurasa akasome habari za kimera, lakini mtihani usahihishwe kwa jibu lako.

*

Ndugu Mhariri, marehemu babu yangu aliniachia jiwe aliloliokota shambani, Lindi vijijini. Limejikunja vile vile kama mchoro wenu. Nimeambiwa na jirani kwamba lina thamani kubwa na kwamba nitafute mnunuzi. Nifanye nini?
— Msomaji, Kinondoni

Ndugu msomaji, jirani amekutakia mema, lakini amekuelekeza njia yenye mtego. Kwanza jiwe lenyewe. Kwa sehemu ulizozitaja, karibu nina hakika kwamba ulichonacho ni amonaiti, gamba la kiumbe wa baharini wa ukoo wa ngisi, aliyeishi ndani ya nyumba ya kujikunja kama konokono. Mashapo ya nyanda hizo za Lindi ni yale yale yanayoambatana na Tendaguru, ambako Wajerumani walichimba dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, na umri wake ni miaka milioni 150 hivi au pungufu. Helikoprioni alikuwa ametoweka zaidi ya miaka milioni 100 kabla tope hilo halijalala.

Unaweza kuhakikisha mwenyewe mezani kwako. Liweke jiwe kwenye mwanga wa dirisha na uliinamishe. Amonaiti ana migongo inayokatiza mzunguko kama mbavu, na kama pana sehemu iliyovunjika utaona kuta ndogo zilizogawa vyumba ndani. Msokoto wa meno hauna vyumba. Ukingo wake wa nje umechongoka jino baada ya jino, kila jino limeachana na mwenzake kwenye ncha na kuungana naye kwenye shina, na juu ya ncha hubaki mng'ao kama wa kigae.

Ipo sababu nyingine inayonifanya niwe na uhakika kwamba helikoprioni hatapatikana Lindi, wala kwenye machimbo ya chokaa ya Wazo hapa kwetu, ambayo ni matumbawe machanga mno. Miamba ya Permiani tunayo, tena ya kutosha, lakini ipo kusini magharibi, Ruhuhu na kando zake, na makaa ya mawe ya Ngaka yanayobebwa na malori kila siku ni misitu na vinamasi vya kipindi hicho. Wakati helikoprioni anaogelea, nchi yetu ilikuwa katikati ya bara moja kubwa, ikiwa imebanana na Madagaska na India, na bahari ilikuwa mbali. Katika miamba ya Ruhuhu watafiti wameokota mafuvu ya wanyama wa nchi kavu wenye meno makali kama visu, ambao wangestahili ukurasa wao. Samaki wa bahari kuu hayumo.

Pili, kuhusu mnunuzi. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na anayevifanyia biashara au kuvisafirisha nje bila kibali anajitafutia kesi. Lipeleke jiwe Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, uwaombe walitazame. Usilioshe, usilipake mafuta ili ling'ae, na usiliondoe udongo uliogandamana nalo, kwa kuwa udongo huo unaweza kumwambia mtaalamu ni tabaka gani lilikotoka. Ikiwa yupo mzee yeyote nyumbani Lindi anayelikumbuka shamba ambalo babu aliliokota, mpigie simu kabla hujaenda, uandike jina la kijiji na la mto au kilima kilicho karibu, kwani hilo ndilo swali la kwanza watakalokuuliza mlangoni.